Deni la Maiti na Sanduku la Warithi

Usiku mmoja baada ya sala ya isha, hapa Ngoingwa katika mji wa Thika ninaposomesha, walinijia ndugu wawili, wana wa mtu aliyekuwa akijulikana kwa sadaka zake na ambaye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Simtaji jina wala mji wake, kwa kuwa lililo muhimu ni jambo lenyewe, si mtu.

Wakaniambia: "Sheikh, yuko binti mmoja, leo ana miaka ishirini. Alipokuwa mtoto alikuwa mtumishi nyumbani kwetu. Ametushitaki mahakamani. Anadai kuwa marehemu baba alimpiga hata mkono wake ukalemaa, na kwamba hakumlipa ujira wake. Ataka fidia katika mali aliyoiacha baba."

Nikawauliza: "Na nyinyi mwasemaje?"

Mkubwa wao akajibu: "Wakili wetu amekwisha kuandika kuwa si kweli. Lakini wakili wa binti ametaka tutoe karatasi zote za baba zinazomhusu. Nasi katika sanduku la baba tumekuta daftari lake la matumizi. Imo, kwa mkono wake mwenyewe, tarehe aliyompeleka binti yule kwa daktari, na fedha aliyolipa kwa kufungwa mfupa, na chini yake maneno machache ya majuto. Hapana ajuaye habari ya daftari hili ila sisi wawili. Je, Sheikh, tulichome?"

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliwajibu kwa haraka: "Ndugu zangu, aibu ya maiti husitiriwa." Wakaondoka nyuso zao zimekunjuka. Nikaenda kulala, lakini usingizi haukunijia. Nikaamka, nikawasha taa, nikafungua vitabu. Kulipopambazuka nilisali alfajiri, nikaenda kugonga mlango wao, nikawaambia: "Jawabu langu la jana lilikuwa kosa. Msilichome." Maneno yafuatayo ni maelezo ya kwa nini nilirudi, nami nayaandika kwa sababu naona wengi wetu tungalijibu kama nilivyojibu mara ya kwanza.

DHAMBI HAIRITHIWI, LAKINI DENI HALIZIKWI

Wako wasemao: warithi wana kosa gani? Hawakupiga wala hawakudhulumu. Na Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul An'aam, aya ya 164, kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Vipi basi watoto walipe alilolitenda baba yao?

Hoja hii ni nzuri kuisikia, lakini inachanganya mambo mawili. Dhambi ni ya mtu mwenyewe, naye huenda nayo kaburini. Hapana mtoto atakayeulizwa siku ya Kiyama kwa nini baba yake alimpiga mtumishi. Ama deni, hilo halimo katika nafsi peke yake, bali limo pia katika mali. Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, baada ya kutaja mafungu ya warithi, inakariri mara kwa mara kwamba mafungu hayo ni baada ya kutolewa wasia na kulipwa deni. Maana yake ni kuwa kabla deni halijalipwa, mrithi hana haki ya kushika mali ile na kusema "hii ni yangu." Ni mali ya marehemu ingali ikingojea wenye haki.

Na jeraha la kukusudia, je, ni deni? Ni deni. Maulamaa wa fiqhi wameliwekea jeraha la mwili fidia yake, nao wakasema fidia ya jeraha la kukusudia hutoka katika mali ya aliyejeruhi. Ujira usiolipwa hauna hata haja ya maelezo. Basi huyu binti haombi sadaka mlangoni kwa warithi. Anasimama katika safu moja na muuza duka aliyemkopesha marehemu sukari na mchele, na pengine mbele yake.

Na kumbukeni habari iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.). Akauliza kama maiti ameacha deni. Alipoambiwa kuwa anadaiwa dinari tatu wala hakuacha mali ya kuzilipa, alikataa kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Kama dinari tatu zilimzuilia mtu sala ya Mtume, mkono wa mtoto uliolemaa utamzuilia nini?

Lakini haki ni kwa pande zote. Mrithi halipi zaidi ya kile alichoacha marehemu. Mali ikiisha kabla ya deni kwisha, mrithi hana lawama ya kisheria, ila akipenda kumwondolea mzazi wake mzigo kwa hiari yake, naye atapata ujira wake kwa Mola wake.

Sheria ya nchi hii ya Kenya nayo haiko mbali na hapo. Sheria inayoitwa ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, imeweka kuwa madai mengi juu ya mtu hayafi kwa kufa kwake, bali huendelea juu ya mali aliyoiacha, isipokuwa machache, kama madai ya kuvunjiana heshima. Wala msidhani kuwa shauri kama hili litakwisha kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wameridhia mahakama yake. Kadhi atagawa mirathi, lakini dai la jeraha husikizwa na mahakama za kawaida. Basi warithi wanaokimbilia kugawana kwa Kadhi upesi upesi ili mdai akute sanduku tupu, na wajue kuwa wamegawana mali isiyokuwa yao.

MWENYE USHAHIDI NI NANI?

Sote twaijua kanuni kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na mwenye kukana huapa. Kwa kanuni hii wengi husema: "Na alete ushahidi wake. Sisi si kazi yetu kumtafutia." Kanuni ni ya kweli, lakini angalieni jinsi inavyotumiwa. Binti wa miaka kumi, ndani ya nyumba ya watu, atapata wapi ushahidi? Aliyeandika ni mpigaji, na penye maandishi ni sanduku la mpigaji. Kumwambia alete ushahidi na huku umeukalia ni kumfunga mtu miguu, kisha ukamlaumu kwa kutokwenda.

Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi, na inamhukumu mwenye kuuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimame na uadilifu ijapokuwa ushahidi wenyewe ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Wazazi wametajwa humo kwa jina lao. Hapa ndipo niliposimama usiku ule, nikaona haya kwa jawabu nililolitoa.

Ama kusitiri maiti, naam, ni jambo lililosuniwa, lakini lina mahali pake. Tunasitiri lililo baina ya mja na Mola wake, kama mtu aliyekuwa akiteleza kwa siri kisha akafa. Lililo haki ya mja mwingine haliwi sitara, bali huwa ni kuinyima haki njia ya kumfikia mwenyewe. Na lau marehemu angaliruhusiwa kurudi kwa saa moja, angalitaka nini? Kusifiwa barazani na huku anadaiwa, au kulipiwa akapumzika? Yale maneno ya majuto aliyoyaandika chini ya hesabu yake yatosha kuwa jawabu.

Hata hivyo kutoa karatasi si kuumwaga moyo wa marehemu sokoni. Mahakama za Kenya, kwa kifungu cha 22 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashauri ya Madai, Sura ya 21, zina uwezo wa kuamuru pande zote mbili zitoe na kuonyeshana karatasi zinazohusu shauri. Zinazohusu shauri ndizo zitolewazo. Barua za marehemu kwa mkewe hazimo, wala siri za biashara yake zisizogusa jambo hili. Maneno ya mtu na wakili wake nayo yana kinga yake. Penye shaka, mahakama huweza kuombwa iitazame karatasi kwanza, na majina ya watu wengine wasiohusika yafunikwe. Mtu mwema akiwa na wasiwasi hupeleka wasiwasi wake kwa hakimu, haupeleki motoni pamoja na karatasi.

Na wajibu huu unamfunga mdai vilevile. Kama aliwahi kupewa fedha kwa ajili ya mkono wake, aseme. Kama ana cheti cha daktari kisichomfaa katika dai lake, akitoe pia. Kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kudhulumu.

SANDUKU LA DOLA

Msidhani kuwa jambo hili ni la nyumba ndogo tu. Limetokea kwa dola kubwa, na katika nchi yetu hii. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya London juu ya serikali ya Uingereza, kwa mateso waliyotendewa vizuizini wakati wa hali ya hatari, katika miaka ya 1950. Serikali ile ilijibu kwanza kwa jawabu la mirathi. Ilisema kuwa serikali ya kikoloni ya Kenya ilikwisha kufa mwaka 1963, na deni lake, kama lipo, limerithiwa na serikali huru ya Kenya. Hebu tazameni: kwa hoja hiyo, aliyeteswa angalitakiwa kujilipa mwenyewe kutoka mfukoni mwake! Muda mrefu ulikuwa umepita, na mashahidi wengi wamekufa, lakini mwezi wa Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kulifuta shauri.

Na karatasi? Mwaka 1961 Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliagiza kuwa karatasi ambazo zingeweza kuitia aibu serikali yake zisiachiwe serikali mpya. Nyingine zilichomwa moto, na nyingine zikasafirishwa hadi Uingereza. Kwa miaka mingi wenye kuuliza hawakuambiwa kuwa zipo. Ni shauri hili lililofungua sanduku: mwaka 2011 serikali ilikiri kuwa mahali paitwapo Hanslope Park palikuwa na mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, na katika hayo mafaili yapatayo 1,500 yalikuwa ya Kenya. Baada ya hapo hali ya shauri iligeuka. Mwezi wa Oktoba 2012 mahakama iliamua kuwa, pamoja na muda mrefu uliopita, shauri laweza kusikizwa kwa haki, na moja katika sababu zake ni wingi wa karatasi hizo. Tarehe 6 Juni 2013 ikatangazwa sulhu: pauni milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa wadai 5,228, na maneno ya kusikitika yaliyotamkwa Bungeni na William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje. Fedha hizo hazifiki pauni 4,000 kwa mtu hata kabla ya kutoa gharama. Na kabla ya mwisho kufika, mauti yalikuwa yamekwisha kuingia kati ya wazee wale.

Nusu karne karatasi zilifichwa, na mwenye kuzificha hakuepuka kulipa. Alichopata ni kuwa wengi waliostahili walikufa kabla ya kulipwa. Na wengine zaidi ya 40,000 walioshitaki baadaye, shauri lao lilitupwa mwaka 2018, na kupita kwa muda kukiwa sababu kubwa. Muda wa sheria hufunga mlango wa mahakama. Kwa Mwenyezi Mungu hapana deni lifutwalo kwa kupita miaka.

SULHU BILA KUKIRI

Sasa tuje kwenye sulhu, kwani mashauri mengi ya namna hii huishia hapo. Katika sulhu ile ya mwaka 2013 serikali ya Uingereza haikukubali kuwa inawajibika kisheria. Na karibu na hapa Thika, katika shamba la Kakuzi huko Makuyu, watu walitoa madai ya kupigwa, kunajisiwa na kuuawa mikononi mwa walinzi. Kampuni iliyakanusha. Mwezi wa Februari 2021 kampuni yake kuu ya Uingereza, Camellia, ilitangaza sulhu ya kulipa hadi pauni milioni 4.6, pamoja na gharama, na kuweka njia ya kusikiliza malalamiko ya wanakijiji, bila ya mahakama kuamua kama madai yale ni kweli au si kweli.

Je, sulhu ya mtu anayekana ni sulhu? Hapa maulamaa wamekhitilafiana tangu zamani. Sisi watu wa mwambao ni Mashafi, na katika madhehebu ya Imam Shafi sulhu ya mwenye kukana haisihi. Mkanaji analipa kwa kitu anachosema hadaiwi, na mdai anauza kitu ambacho haki yake juu yake haijathibiti. Ama Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wameikubali. Wanasema mdai anachukua anachokiamini kuwa haki yake, na mkanaji ananunua raha ya kuepuka kiapo na ugomvi.

Wako watakaoniambia: "Shika madhehebu yako, unyamaze." Lakini tukitazama hoja badala ya majina ya wenye hoja, tutaona kuwa pande zote zinakutana mahali pamoja. Hata walioikubali sulhu ya mkanaji wamesema kuwa, kama mmoja wao anajua moyoni mwake kuwa ni mwongo, basi alichokipata kwa sulhu ile ni haramu kwake, hata kama hakimu ameipiga muhuri. Na Mtume (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alituonya kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba aliyepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi amekatiwa kipande cha moto.

Basi swali lote linarudi kwenye ujuzi. Mrithi ana maneno matatu ya kuchagua: "ni kweli," "si kweli," na "hatujui." Mrithi ambaye hakuwepo wala hakuona, akatafuta kwa uaminifu asipate kitu, aweza kusema "hatujui," na akasuluhu juu ya neno hilo, nami siwezi kumharamishia. Lakini hana haki ya kusema "si kweli" juu ya jambo asilolijua, kwa kuwa tu wakili amemwambia ndivyo yaandikwavyo majibu. Wala hana haki ya kusema "hatujui" na huku funguo za sanduku zimo mfukoni mwake na hataki kulifungua. Kutojua kwa kujitakia si udhuru. Wale ndugu wawili walikuwa wamekwisha kulifungua, na kwa hiyo "hatujui" haikuwa yao tena.

Na mwenye kusamehe naye lazima ajue anasamehe nini. Binti akipokea fedha kidogo kwa kudhani kuwa hana ushahidi, na kumbe ushahidi umefichwa, hakuridhia, bali amehadaiwa. Kwa hiyo nasema: kutoa karatasi si adui wa sulhu, ila ndio mlango wake.

SULHU NJEMA INAVYOPASA KUWA

Kwanza, kila upande uweke mezani unachokijua kabla ya kutaja bei.

Pili, mdai asichoshwe kwa tarehe baada ya tarehe mpaka njaa ikamlazimisha kukubali chochote. Tajiri kuchelewesha haki ya watu ni dhulma, na maneno ya Mtume (S.A.W.) juu ya hilo ni mashuhuri.

Tatu, wakiwamo warithi wadogo, sulhu ipelekwe mahakamani ithibitishwe. Mlezi hana ruhusa ya kutoa zawadi mali ya yatima. Lakini kulipa deni si zawadi, wala yatima hafaidiki kwa kulishwa haki ya mwingine.

Nne, kama wamekubaliana kutotangaza kiasi cha fedha, si kitu. Lakini sharti la kumfunga mtu mdomo asiseme habari ya dhulma, na huku watoto wengine wangali katika hatari ile ile, ni sharti lililohalalisha haramu, na sulhu haiwezi kuhalalisha haramu.

Tano, fedha ziambatane na neno. Aliyedhulumiwa ana haki ya kusikia kuwa aliaminiwa.

Abu Daud amepokea habari ya watu wawili waliomwendea Mtume (S.A.W.) wakigombania mirathi ya zamani, wala hapana mwenye ushahidi. Alipowatajia kile kipande cha moto, wote wawili walilia, na kila mmoja akasema: haki yangu ni ya mwenzangu. Hapo Mtume akawaamrisha wagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Angalieni mpango wake: kuitafuta haki kumetangulia, na kusameheana kumekuja mwisho. Sisi twapenda kuanza kwa mwisho.

MWISHO WA HABARI

Wale ndugu wawili walilitoa daftari. Haikuwa rahisi. Mkubwa alilia mbele yangu, akasema: "Sheikh, umenifanya nimshuhudie baba yangu." Nikamwambia: "Umemlipia baba yako." Mawakili walikutana, na jambo likasuluhishwa kabla ya kusikizwa. Shamba moja likauzwa, na fungu la kila mrithi likapungua. Binti alipoulizwa anataka nini zaidi ya fedha, aliomba ukurasa ule usomwe mbele ya watu wa nyumba ile waliokuwa wakimwita mwongo. Ukasomwa.

Yule mdogo mpaka leo hanisalimii tukikutana msikitini. Nalivumilia hilo, maana jawabu langu la kwanza ndilo lililomfanya aamini kuwa dini iko upande wa sanduku lililofungwa, na kosa hilo ni langu, si lake.

Enyi ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kila mahali mnaposoma ukurasa huu: kila nyumba ina sanduku. Tuyafungue ya wazee wetu kabla ya kugawana, na yetu wenyewe tuyatengeneze tungali hai, tumwendee tuliyemdhulumu na ulimi ungali wasema na mkono ungali watoa, tusiwaachie watoto wetu daftari la kuwalaza macho.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutoa haki kabla ya kudaiwa. Amin.